Kameramani Alikuwa Akimtazama Nani

Nianze na ukweli: sikumpenda. Watu wa Mbinga ukiwauliza habari za Kameramani wanatabasamu kwanza ndipo wanasema, na akina mama wengine wanatikisa kichwa kwa huruma kana kwamba unawauliza habari za marehemu, wakati mtu mwenyewe yu hai, anakula ugali wake wa muhogo kule Liuli, ziwani. Mimi sitikisi kichwa. Mimi ni mkata tiketi za basi pale stendi. Kwa miaka yote aliyopiga picha mjini kwetu, kila mkanda wake wa filamu ulipita kwenye dirisha langu kwenda Dar es Salaam kusafishwa, na kila bahasha ya picha ilirudi kwenye dirisha hilo hilo. Kama kuna mtu mwenye haki ya kumweleza, ni mimi. Alizaliwa lini na ni wa ukoo gani, hayo waulizwe watu wa ziwani. Mimi nitasema niliyoyaona, na mengi niliyaona huku moyo unaniwaka.

Sababu niiseme mapema, nisikuzungushe. Niliamini kwamba anampenda mke wangu.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo imeinama mbele kwa sababu ya kamera aliyoivaa hata akienda dukani kununua chumvi. Kamera yenyewe ilikuwa nyeusi, nzito, ya watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Wapiga picha wenzake mjini walikuwa na vikamera vya plastiki unavyobonyeza ukaondoka. Ya kwake ilikuwa na lenzi nene kama kikombe cha bati, na ilikuwa inajilenga yenyewe. Inanung'unika kidogo, inakwenda mbele, inarudi nyuma, halafu inatulia. Daktari mmoja mgeni aliyefanya kazi miaka kando ya ziwa alimwachia alipokuwa anarudi kwao. Wengine waliachiwa baiskeli, mwingine jokofu. Yeye aliachiwa ile, na kuanzia siku hiyo akapandisha mlima kuja kwetu Mbinga, kwenye harusi za wenye kahawa.

Kamera ile ilikuwa inakula betri kama mbuzi anavyokula mahindi ya jirani. Na sisi huku juu mwezi wa Juni na wa Julai baridi ni ya kukata masikio, na betri zikipata baridi zinakufa kabla bwana harusi hajafika. Basi Kameramani alizitunza kifuani, chini ya shati, karibu na ngozi. Utamwona amesimama mlangoni mwa kanisa, ukungu umetanda, anaingiza mkono kwenye kola kama mtu anayejikuna, anatoa betri za moto moto, anazitia kwenye kamera. Akina mama walikuwa wanacheka: "Kameramani anawalea watoto wake!" Mke wangu naye alicheka. Mimi nikasema kimoyomoyo, mtu mzima na mvi zake analala na betri, cha kuchekesha ni nini hapo?

Kumpiga mtu picha kwake ilikuwa kazi ya kungoja. Hakuwahi kumwambia mtu cheka. Hakuhesabu moja, mbili, tatu. Alikuwa anainua kamera hadi jichoni na kukaa nayo, kimya, mpaka watu wanachoka kujipanga, wanaanza kunong'onezana na kuvutana nguo, na hapo ndipo unasikia mlio. "Mtu akishajipanga ameshaondoka," alikuwa anasema. "Mimi nangoja arudi." Maneno kama hayo watu waliyapenda mno. Walikuwa wanayarudia vilabuni, eti Kameramani kasema. Na mimi nasema kila siku kwamba basi litaondoka alfajiri na atakayechelewa ameachwa, mbona sijasikia mtu akinirudia?

Lakini mtu huyo huyo mwenye subira ya mamba, mwondoe kwenye kamera, hajui kungoja kitu chochote. Foleni hakai. Uji hauachi upoe. Bahasha zake zikifika kutoka Dar, hakuweza kubeba hata moja kwenda nayo nyumbani. Alikuwa anazichania hapo hapo dirishani kwangu, kwa meno, na kupanga picha kwenye meza yangu juu ya tiketi zangu. Basi zima linashuka kuja kutazama. Wapagazi, wauza mayai, abiria wa Songea ambao gari lao limeshawashwa. Kila mtu ananyoosha kidole: huyu fulani, huyu fulani, loo, tazama shangazi alivyotoka! Mimi napiga kelele kwamba hii ni ofisi, na hakuna anayenisikia.

Siku moja ya namna hiyo ndiyo iliyoniharibia usingizi. Muuza mayai mmoja alimuuliza kwa nini katika picha zake za kanisani mtu mmoja tu ndiye anatoka wazi, na wengine wote wanakuwa ukungu. Kameramani akaeleza kwa furaha, kama mtu anayesifiwa mtoto. Kwanza, alisema, taa ya kamera haipendi, inawachubua watu nyuso. Kwa hiyo kanisani kwenye giza inabidi afungue lenzi yote, na lenzi ikifunguka yote inamshika mtu mmoja tu vizuri. Pili, kamera yake ina jambo ambalo kamera nyingine hazina.

"Ndani mna vidirisha vidogo," alisema. "Kamera inalitazama jicho langu. Nikitazama kushoto, kidirisha cha kushoto kinawaka, inamlenga aliye kushoto. Nikitazama kulia, hivyo hivyo. Sigusi kitu. Ninayemtazama, ndiye anayetoka wazi."

"Kwa hiyo haidanganyi?" akauliza muuza mayai.

"Haijui kudanganya. Inafuata jicho."

Watu wakashangilia. Mimi nikafunga dirisha kabla ya saa, nikaenda nyumbani, nikapanda kiti nikateremsha albamu ya harusi yetu kutoka juu ya kabati.

Harusi yetu aliipiga yeye. Albamu ile nilikuwa nimeitazama mara nyingi bila kujua ninachokitazama. Sasa nikaifungua kwa macho mapya. Tunaingia kanisani: mke wangu yuko wazi, unaona mpaka ushanga mmoja mmoja wa shela, na mimi pembeni yake ni kama mtu aliyepita haraka. Tunavishana pete: mkono wake uko wazi, uso wake uko wazi, mimi nina kichwa cha moshi. Tunatoka: yeye tena. Ukurasa baada ya ukurasa, bwana harusi ni ukungu uliovaa suti. Miaka yote nilikuwa nasema ni bahati mbaya yangu, sina sura ya picha. Kumbe haikuwa bahati. Lilikuwa jicho la mtu.

"Unatafuta nini?" mke wangu akauliza.

"Natafuta nilipo," nikamjibu.

Akatazama, akacheka. "Si huyu hapa?" akaweka kidole juu ya ule moshi. Mke wangu, Mama Neema, ni mwanamke mtulivu. Akikaa amekaa, akisimama amesimama, hata akigombana na mtu mikono yake haitikisiki. Nikamweleza habari ya vidirisha. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa ulitaka siku ya harusi amtazame nani, padre?" Akaenda kuchambua maharage.

Jibu zuri, au siyo? Lakini wivu hausikii jibu zuri. Nikaanza kuhesabu mambo mengine. Mke wangu ni Mnyasa wa Liuli, kama Kameramani. Mimi ni Mmatengo wa hapa hapa. Aliacha Anglikana yake akaja kwenye Katoliki yangu, akajifunza kulima kwenye mashimo ya ngolo, kilimo chetu cha milimani, na Kimatengo anakisema mpaka mama yangu anasahau kwamba si wetu. Hayo yote alifanya kwa ajili yangu na najua. Ila Kameramani akifika dirishani na mke wangu akawepo, ananiletea chakula, wawili hao wanahamia kwenye Kinyasa. Hapo mimi nabaki nimekaa kati yao kama gunia. Mke wangu anacheka cheko moja refu, la tumboni, linaloishia kwa kufuta machozi. Cheko hilo nyumbani kwangu sijalisikia. Nikimuuliza amesema nini, anajibu, "Aa, ni habari za usipa tu." Usipa! Dagaa gani wa kumchekesha mtu hivyo?

Alikuwa anamwita dada. "Dada yangu hajambo?" Na mimi, kwa kuwa ni mkubwa kwangu, lazima nimwamkie. Shikamoo yangu kwake ilikuwa inatokea puani. "Marahaba, shemeji," anajibu, kwa upole kabisa, na upole ule ndio uliokuwa unanichoma. Mtu mbaya angekuwa na adabu ya kuonekana mbaya.

Alikuwa na mke wake kule ziwani, ndiyo, na watoto. Watu walinikumbusha. Mimi nami nilikuwa na mke, na sikuona kwamba kuwa na mke kunamfunga mtu macho.

Na hapa niseme lililoniudhi kuliko yote: alikuwa mtu wa kweli. Kuna mkubwa mmoja wa ofisi alikuja siku ya kupanda miti, mche umeshapandwa na vijana asubuhi, yeye anatakiwa kushika jani tu na kutazama kamera. Akashika. Kameramani akainua kamera, akakaa nayo. Akakaa. Mkubwa akachoka, akauliza kuna nini. "Nangoja upande, mheshimiwa," Kameramani akasema. Watu tukashika midomo. Basi mzee wa watu akavua koti, akapewa jembe, akachimba shimo lake mwenyewe, jasho linamtoka, na ndipo tukasikia mlio. Nasikia picha ile aliitundika ukumbini kwake, na kila mgeni anaelezwa kwamba huo mti ni yeye aliyeupanda.

Na ile ya misa, nani ameisahau? Mkanda ukifika mwisho, kamera ile haingoji ruhusa ya mtu, inaanza yenyewe kujirudisha nyuma kwa mlio kama kinu kidogo cha kusaga. Ikachagua kufanya hivyo padre ameinua hostia, kanisa zima kimya, hata watoto wamenyamaza. Krrrrr! Kameramani akaikumbatia, akaiingiza ndani ya koti, akaikalia, haisikii. Padre akabaki na mikono juu mpaka ilipomaliza. Kwenye matangazo akasema, "Jumapili ijayo misa itakuwa moja, si mbili, yangu na ya kamera." Kanisa likacheka, na Kameramani akainama kwa aibu mpaka kipaji cha uso kikagusa benchi. Siku hiyo, kwa dakika chache, karibu nimpende. Halafu nikageuka nikaona mke wangu anacheka lile cheko lake.

Tukafika kwenye kipaimara cha Neema, binti yetu. Askofu amekuja, mtoto amevaa nyeupe, mimi nimenyoa nywele kwa heshima na suti imetoka kwa fundi jana yake. Kameramani alikuwepo, na nani angemzuia? Bahasha iliporudi aliichana kwa meno kama kawaida na kupanga picha mezani kwangu, watu wakajaa. Ile ya kupakwa mafuta ndiyo niliyokuwa naingoja. Mkono wa askofu: ukungu. Neema mwenyewe: nusu nusu. Nyuma yao, wazi kabisa, mpaka chozi lililosimama kwenye kope, mke wangu. Mimi nilikuwa pembeni ya picha, limebaki sikio.

Nikasimama. "Ulikuja kumpiga mtoto," nikamwambia, "au ulikuja kumpiga mke wangu?"

Kameramani akanitazama, akaitazama picha, akasema polepole, "Nimepiga kilichokuwepo, shemeji."

"Mke wa mtu sumu, Kameramani!" mpagazi mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko. Wao kwao ilikuwa mchezo. Kameramani akakusanya picha zake moja moja, akanyoosha kona zilizojikunja, akaondoka bila kuniaga.

Mbinga ni mji mdogo. Maneno yalifika nyumbani kabla yangu. Nilikuta ugali umepikwa, mboga imefunikwa, maji ya kunawa yako tayari, na mke wangu amekaa na mikono kwenye magoti.

"Leo umenivua nguo stendi," alisema.

"Mimi nimemuuliza yeye."

"Wauza mayai wameniuliza mimi." Akanisogezea sahani. "Kula, umefanya kazi kubwa."

Nikampiga marufuku Kameramani nyumbani kwangu. Hakubisha, akija stendi aliweka mkanda dirishani, akatoa salamu, akaenda zake. Mke wangu naye akawa ananiletea chakula na kuondoka mapema. Kinyasa kikaisha pale dirishani kwangu, cheko nalo likaisha, na nilidhani nimeshinda.

Siku ya kumuaga Neema anaolewa, nilimleta kijana kutoka Songea mwenye kamera ya kisasa. Alipiga picha nyingi kama mtu anayemwaga mchele. Ukumbi wote taa zinamulika kama radi. Alipozileta, mke wangu alikuwa amepakwa weupe kwa kompyuta mpaka nikauliza huyu mama ni wa upande wa bwana harusi au wetu. Mimi na yeye tulikuwa tumesimamishwa mbele ya maghorofa marefu ambayo hatujawahi kuyaona, na pembeni kumepandwa mnazi. Mimi nilitoka wazi, ndiyo. Kila mtu alitoka wazi, pamoja na makreti ya soda. Mke wangu alizitazama zote mpaka ya mwisho. "Hapa hakuna aliyetazamwa," alisema. Hazikuwekwa kwenye albamu.

Wakati huo Kameramani alikuwa ameshaanza kupotea. Simu zilimmaliza, kila kijana ana kamera mfukoni, nani angoje bahasha ya Dar? Halafu tukasikia ni macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Mwaka wa kwanza alikataa miwani kwa sababu kamera yake ilikuwa hailioni jicho vizuri nyuma ya kioo. Mwaka wa pili hata miwani haikusaidia. Akateremka kwao Liuli, na dirishani kwangu hakukuja tena mkanda. Utadhani nilifurahi. Nilikuwa naitazama kona ile ya meza, nasema afadhali, sasa tiketi zangu zinakaa safi.

Mwaka huu, baada ya mavuno, Mama Neema alisema anakwenda kumsalimu kabla macho hayajaisha kabisa. Hakuniomba ruhusa, alinipa habari. Nikasema nakwenda naye. Akanitazama muda, akasema, "Vaa basi vizuri." Akavaa na yeye. Tukachukua basi la kuteremka Mbamba Bay, barabara siku hizi ni lami hadi chini, ziwa linajitokeza ghafla kwenye kona kiasi kwamba abiria wote wanasogea upande mmoja. Kutoka pale tukapata gari dogo la Liuli, na ndizi zetu na kahawa kidogo ya kumpelekea.

Tulimkuta sebuleni, amekaa kwenye benchi karibu na mlango, mwanga unamwangukia upande mmoja. Amezeeka. Macho yalikuwa na wingu jeupe, la kulia zaidi. Mke wangu alimwamkia, akaitikia kwa Kinyasa, akamshika mkono. Mimi nikasema shikamoo.

"Marahaba. Huyo ni shemeji wa tiketi," alisema. "Karibu sana. Nilisema huyu hatakuja."

"Nimekuja."

Mkewe alimchukua mke wangu kwenda jikoni, tukabaki wawili. Alisema zamu yake ya kutolewa lile wingu machoni bado haijafika, anangoja. Akacheka: yeye, kungoja! Na mimi nikaona kwamba nisipouliza leo, nitakufa nalo.

"Nikuulize kitu, kaka. Picha zote zile, kanisani, kwenye kipaimara. Kwa nini kila mara ni mke wangu?"

Hakushangaa. "Kwa sababu anatulia," alisema. "Kanisani kwenu ni giza, na mimi taa situmii. Kamera inakawia kufumba. Anayetikisika anafutika, na jicho langu lilizoea kumtafuta aliyetulia, maana huyo ndiye atakayebaki. Mkeo akisimama, amesimama."

"Na mimi?"

"Wewe? Wewe hukutulia hata siku moja. Nikisogea kushoto, shingo yako kushoto. Nikipanda kwenye benchi, unaniinulia macho. Hata siku ya harusi yako. Nilikuwa nasema, huyu bwana ana nini na mimi?"

"Kwa hiyo hukumpenda?"

Akageuza uso kwenye mwanga. "Nilipenda kumtazama," alisema. "Kazi yangu ilikuwa kutazama, shemeji, nisingeweza kuifanya kwa chuki. Zaidi ya hapo hakuna, muulize mwenyewe."

Jibu hilo lilinitosha nusu. Ile nusu nyingine ilikuwa bado inaniwasha wakati wanawake waliporudi na ugali wa muhogo na samaki, mbasa wa kukaanga, na mke wangu akala kwa mikono miwili, na Kinyasa kikaanza tena, na cheko lile likarudi kama vile halikuwahi kuondoka.

Baada ya chakula Kameramani akamwagiza mkewe kitu, akaletewa kamera. Alikuwa ameifunga kwenye kanga. "Humu kuna mkanda haujaisha," alisema. "Mimi vidirisha sivioni tena. Na hakuna mtu aliyewahi kunipiga mimi kwa kamera hii. Shemeji, tupige."

Akaingiza mkono chini ya shati akatoa betri. Nakuapia. Akazitia kwa kupapasa, kamera ikaamka. Halafu akasema lazima kwanza aifundishe jicho langu, maana inajua la kwake tu. Akaniwekea usoni. Kuna alama inawaka kulia, niitazame na kubonyeza; inawaka kushoto, niitazame na kubonyeza. Vidole vyake viliongoza vyangu. "Sasa inakujua," alisema. "Wewe tazama tu."

Wakakaa kwenye benchi, mke wangu na Kameramani. Mara hii, nikajiambia, mara hii ni mimi. Nitamtoa mke wangu wazi kuliko alivyowahi kutolewa na mtu yeyote. Nikatulia kwa kila uwezo wangu, nimebana viwiko, nimezuia pumzi. Nikapiga wakiwa wamekaa. Nikapiga mke wangu anacheka, lile lile cheko, nimelidaka. Halafu nikasema sasa nampiga yeye peke yake, Kameramani akasogea mwisho wa benchi, nikapiga tena. Mkanda ukaisha, kamera ikaanza kunguruma mikononi mwangu, sote tukacheka.

Mkanda niliutuma Dar mimi mwenyewe, kwa mkono wa dereva ninayemwamini. Kuna kijana kule bado anasafisha filamu. Bahasha iliporudi mke wangu alikuwa ndiyo kwanza amefika na chakula. "Fungua," alisema. Nikaichana.

Picha ya kwanza alikuwa Kameramani. Kila mvi ya kidevu, kila kunyanzi, lile wingu la jicho la kulia, uzi uliochomoka kwenye kola. Ni picha nzuri, sijui kama aliwahi kupiga nzuri kuliko hiyo. Pembeni yake kulikuwa na kitu cha buluu chenye umbo la mwanamke. Ya pili, ile ya cheko: Kameramani yuko wazi, anageuka kumtazama anayecheka, na anayecheka ni ukungu. Zilizofuata zote hivyo. Nikafika kwenye ya mwisho, ile ya mke wangu peke yake. Yuko katikati ya picha, amefutika. Ukingoni kabisa, wazi mpaka nyuzi za sweta zinahesabika, kiwiko cha Kameramani.

Nikataka kuirudisha kwenye bahasha. Mke wangu akaweka mkono juu yake.

Alizitazama zote taratibu, akazipanga juu ya tiketi. Halafu akasema, "Miaka yote hii, Baba Neema, nilikuwa najifariji. Watu wakinicheka nasema, acha, mume mwenye wivu ni afadhali kuliko asiyejali. Angalau ananitazama." Akagusa ule ukungu wa buluu kwa ncha ya kidole. "Kumbe hata hukuwa unanitazama mimi."

Hakusema kwa hasira. Hasira yake ninaijua, ningejua pa kuishika. Akachagua ile picha moja ya Kameramani, akanisogezea. "Hii ipeleke Liuli kwa basi la kesho. Watoto wake watamweleza ilivyo." Akanifunulia chakula, akaniwekea kijiko, akatoka.

Nilisimama dirishani nikamtazama akivuka stendi kati ya bodaboda na mizigo, polepole, hana haraka, mpaka abiria mmoja akaanza kugonga kioo akitaka tiketi ya Songea. Mke wangu alikuwa amevaa gauni la maua ya njano. Sijui alilishona lini.